Mpaka Jumatatu Asianguke

Mama aligoma kupanda kwenye mashine ya kupimia mifupa. Alisimama mbele yake na soksi zake za sufi, mkongojo kaukumbatia.

"Mimi si pasi," alisema, "mnichomeke kwenye umeme."

Wazee kwenye foleni walicheka. Binti yake, kitindamimba ambaye mwenyewe alishastaafu ualimu, hakucheka. Alikuwa akimkumbuka mama mkubwa, dada yake mama, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilazwa, na kitanda hakikumwachia tena.

"Umeme wenyewe kidogo tu, bibi, hata hutausikia," mpimaji alimbembeleza. "Unapita mwilini, mashine inakisia mifupa ikoje. Ila miguu iwe mitupu. Ukibaki na soksi, haisomi kitu."

Simu yake ikaita. Akabonyeza umri wa bibi, akaenda dirishani kuipokea.

"Tazama, mama." Binti alivua viatu, akapanda kwenye vibati vya baridi, akashika mishikio miwili. Mashine ilinguruma, ikalia pii, ikatema karatasi. "Umeona? Sijafa."

Alishuka kashika kiuno. Siku hizi hata kuinama kuvaa viatu kulimtoa jasho.

"Umekuwa mfupi, wewe," mama alisema. "Gauni linafagia sakafu."

"Nimezeeka, mama. Haya, panda."

Mama alivua soksi moja, akapanda akilalamikia baridi. Mashine ilikaa kimya. Mpimaji aliporudi alimkuta kashika mishikio, karatasi inaning'inia. Aliichana, akaisoma, tabasamu likamwisha. Akamvuta binti pembeni.

"Mifupa imeliwa vibaya, mama. Hiki ni kipimo cha kuchuja tu, kwa hiyo Jumatatu mpeleke hospitali wakampige picha. Mpaka siku hiyo, asianguke. Hata kukaa chini kwa kishindo kunaweza kumvunja."

Njia nzima binti alimshikilia mama mkono. Walipofika nyumbani alikunja mikeka yote. Alisukuma kabati la vyombo mpaka ukutani ili mama apate nafasi ya kupita, mgongo ukamlilia, akaupuuza. Alificha kigoda. Akabeba ndoo zote za maji mwenyewe, na usiku akatandika godoro lake mlangoni kwa mama.

"Umenifanya yai," mama alinung'unika.

"Mpaka Jumatatu tu."

Nyumba ikawa inasikiliza mkongojo. Ukigonga sakafu, ko, ko, binti alipumua. Ukinyamaza, moyo wake nao ulinyamaza, akaacha alichoshika akaenda kuchungulia. Mara nyingi alimkuta mama kasimama tu, anatazama nje, na pale alipokuwa akimwona mama, alimwona marehemu mama mkubwa na macho yake yaliyokuwa yakiomba wamgeuze upande.

Jumapili asubuhi alikuwa jikoni aliposikia mkongojo ukianguka bafuni.

Alikimbia. Mama alikuwa ameshateleza, mikono hewani, povu la sabuni miguuni. Binti aliuwahi mkono mmoja, lakini haikusaidia kitu. Mama alianguka mzima mzima, kama gunia, ubavu ukapiga sakafu. Binti, kwa kuvutwa, akakaa chini kwa matako kando yake.

Kitu kikalia, ka! Kama ukuni mkavu.

Binti alifumba macho. Yametimia, aliwaza. Hakuthubutu kutazama.

"Aa, sabuni hii," alisikia sauti ya mama. Kisha maji yakachuruzika, mkongojo ukakwaruza sakafu ukiokotwa, na goti moja, halafu la pili, yakajikusanya. Alipofumbua macho, mama alikuwa amesimama juu yake, anakamua upindo wa gauni.

"Kelele zote zile za mifupa, na mimi huyu hapa mzima. Haya, inuka tukanywe chai." Akamnyooshea mkono. "Wewe. Mbona huinuki?"

Binti alijaribu. Mguu wake ulibaki palepale, wayo umegeukia ukutani.