Sala Iliyo Ghalani

Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2041. Asubuhi ya ukungu mwembamba, bila upepo.

Sala ya marehemu mama, niliyoirekodi kwa sauti yake, niliihifadhi kwenye ghala la mtandaoni, nikaifuta kwenye simu kwa kuwa simu ilijaa. Sasa ghala limebadili masharti. Kushusha faili hakuruhusiwi tena. Ikifika saa sita mchana, kila faili litafutwa, isipokuwa mwenyewe aahidi kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili, kwamba analifungua lisikilizwe na watu wote.

Mashahidi wangu walikuwa kaka na wifi.

“Sema basi, dada msomi,” kaka alinitania. “Au darasa lako la jioni la kusoma halijafika hapo?”

Wifi akacheka. Zilibaki dakika mbili.

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kioo cha simu, juu ya mstari wa masharti nilioukariri mara tatu: *faili zima, bila kukatwa*. Nilipokiondoa, kiliacha alama ya jasho.

Wao walishasikia mwanzo tu, mama anaposhukuru. Mimi naujua mwisho, pale anapolia akimsihi Mungu anisamehe kwa mtoto wangu niliyemwacha mlangoni mwa hospitali. Siri hiyo tuliijua mimi na mama tu.

“Dada, mama asitupotee,” kaka alisema, na sasa hakuwa akitania.

Ee Mola, nishike mkono, niliomba kimyakimya. Kisha nikawatazama wote wawili usoni.

“Naahidi mbele yenu,” nilisema, “sala ya mama itasikika yote kwa watu wote, hadi neno la mwisho.”