Krisanthemu kwenye Nyasi

Lorna Teague alipokishusha chungu cha nne cha maua kwenye nyasi, jirani yake Suzon Rouvière alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwenzangu, nani kakuuzia hayo?"

"Sokoni. Mazuri, siyo?"

"Mazuri sana! Ila hayo ni krisanthemu, bibi wewe. Huku tunawapelekea wafu. Ukimpelekea mtu aliye hai, umemtakia jeneza."

"Basi mimi nina bustani yenye maua," Lorna akasema kwa Kifaransa chake cha kuchechemea, akaenda kuchota maji.

Kufika mchana kijiji kizima kilikuwa na habari: Mmarekani kapamba nyumba kama makaburi. Pale mkahawani walimsamehe upesi. Wamarekani ndivyo walivyo. Wanakula chakula cha jioni jua lingali juu, wanamchekea mtu wasiyemjua, wananunua krisanthemu kwa sababu ni za njano.

Asiyecheka alikuwa Régis Delorme, mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa jiji la Lyon. Aliinunua nyumba ile ya mawe ikiwa imekaa tupu miaka mingi, wenyewe wa zamani wamekwisha, wengine ardhini, wengine ng'ambo. Kwanza alikata miti miwili mirefu ya misaipresi iliyosimama nyuma, ili bonde lionekane. Sasa alitaka bwawa la kuogelea, palepale penye visiki. Na alilitaka linyooke, si kama la daktari wa kule juu, lililopinda mithili ya haragwe. Wageni hulisifu umbo lake. Wenyeji wanajua lilipindwa kuwakwepa wafu wawili, maana zamani Waprotestanti wa milima ya Cévennes walikatazwa makaburi ya kanisa, wakazikana bustanini mwao, na aliyelazwa kwake hang'olewi na mwenye nyumba mpya, hata awe na pesa za kuogea.

Delorme alitaka saruji imwagwe kabla ya baridi kali. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa amempangisha Mmarekani nyumba pamoja na bustani, tangu Septemba mpaka Novemba iishe.

"Bi Teague, nikutafutie hoteli mjini," alimwambia. "Yenye joto. Nalipa mimi."

"Sitaki."

"Baridi inakuja. Paa linavuja."

"Nina sweta."

"Lakini unafanya nini hapa? Kutwa uko kwenye kiti unaongea peke yako!"

"Nimepanga na nyasi, bwana. Nakaa kwenye nyasi zangu."

Na kweli, kila asubuhi alitoka na kahawa yake, akaweka kiti katikati ya visiki, akaongea Kiingereza kwa sauti ya chini. Mara nyingine alicheka. Siku ya mvua alitoka na mwavuli. Suzon, ambaye aliolewa kijijini hapo akitokea bondeni, alimhurumia, akawa anampelekea supu ya njugu za msituni.

"Hebu nikwambie ukweli, mwenzangu. Leo utamkatalia, kesho utamkatalia. Ila ukipanda ndege tu, anachimba. Unagombania nini?"

"Hatachimba."

"Eh! Utamzuia ukiwa kwenu Ohio?"

"Suzon, nimesema hatachimba. Chumvi imezidi kidogo leo."

"Tazama huyu! Anakula supu yangu na kuitia dosari!"

Delorme hakungoja ndege. Siku iliyofuata Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, tingatinga lilipanda kilima likinguruma, Élie Combes akiwa kwenye usukani, yule yule aliyechimba bwawa la daktari. Watu walikuwa wakitoka kusafisha makaburi ya wazee wao, makopo ya kumwagilia mikononi. Wakasimama ukutani. Nani apitwe na hilo?

Lorna alikuwa amesimama mbele ya visiki, sweta mbili mwilini, vyungu vyake miguuni.

"Toka hapo!" Delorme akapaza sauti.

"Novemba haijaisha."

"Élie, washa! Atatoka mwenyewe."

Élie alivitazama vile visiki, akajikuna shingo. "Mimi simkanyagi mtu, Bwana Delorme. Elewaneni kwanza."

Delorme akakanyaga nyasi mpaka kwa Lorna, akasimama hatua chache mbele yake, uso umemwiva.

"Hivi huna aibu? Watu wote hawa wanakucheka! Umekuja kwenye nchi ya watu, hujui lugha, hujui desturi, hata maua hujui! Hayo ni ya makaburini, mama! Ya makaburini!"

Ukutani watu wakaangua kicheko. Hata Suzon, ingawa alijiziba mdomo.

Lorna aligeuka akawatazama waliojipanga ukutani, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka kicheko kikaisha. Kisha akasukuma chungu kando kwa mguu, akachutama, akazishika nyasi kwa mikono miwili na kuzivuta. Zilibanduka kama blanketi. Chini yake palikuwa na jiwe bapa, limesuguliwa safi, na jiwe lile lilikuwa na jina.

Élie akazima injini. Akavitazama tena vile visiki viwili, maana wazee wa zamani walipanda msaipresi penye kila kaburi, akavua kofia.

"Najua ni ya makaburini," Lorna akasema. "Huyu hapa ni bibi yangu, mzaa mama. Na wewe, bwana, umesimama juu ya babu."