Laptopu ya Kuitikia

Arobaini ya mama ilipopita, mimi na mdogo wangu Mbwana tulikwenda dukani kumchagulia marehemu laptopu ya kukaa ndani yake, kama wafanyavyo wafiwa wote siku hizi.

"Ya kitaalamu huanza maneno yenyewe," muuzaji alisema. "Itawauliza mmekula nini, mmechelewa wapi. Ya kawaida haianzi kamwe. Huitikia tu ikiamkiwa."

Mbwana akaninong'oneza, "Dada, mama ametusema miaka thelathini. Tuchukue ya kawaida."

Tukaiweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kila asubuhi nilisema, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," na kile kikohozi chake kidogo, kisha kimya. Nikaona tumechagua vizuri.

Jumamosi Mbwana alikuwa safarini. Nilikaa sebuleni peke yangu napepeta mchele, mlango nimeufunga, na tangu niamke sijafungua mdomo, hata mama sijamwamkia. Mama akakohoa.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mama alituzaa mimi na Mbwana tu, na hatujajaliwa watoto. Niliweka ungo chini polepole, nikabana pumzi, nisikie kama ataamkiwa tena.