Gari Linalosita

Kila Machano alipobadili gia, lile gari la mbio la mteja wake lilisita. Alikanyaga mafuta, injini ikakohoa, ndipo ikavuta. Alikuwa amebadilisha plagi na kusafisha pampu, asiuone ugonjwa. Sasa mkewe, Sikudhani, alishikwa na uchungu, na gereji haikuwa na gari jingine.

Akampakia humo humo. Katikati ya mlima wa hospitali aliingiza gia ya pili. Gari likasita, likaanza kurudi nyuma. Akavuta breki ya mkono, akaruka nje na kufungua boneti huku injini ikiunguruma.

“Baba Zuhura, mtoto hasubiri!”

“Nivumilie, mke wangu.”

Alipoinama, ncha ya leso yake ya jasho ilivutwa ikanasa kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye injini. Kumbe mpira ulikuwa na ufa unaonyonya hewa! Akauzungushia leso ile, akaikaza kwa waya.

Akarudi kwenye usukani, akaondoka na gia ya kwanza. Akakanyaga klachi, akaingiza ya pili, akakanyaga mafuta. Gari likavuta bila kusita.

“Limepona, Siku! Umesikia?”

Kichwa cha Sikudhani kilikuwa kimeinama, macho yamefumba. Geti la hospitali lilikuwa linafunguliwa, na mkono wake uliomng'ang'ania Machano begani ukaanza kulegea.