Mkwe Kawa Mtahini

Basi asubuhi hiyo Mzee Shekue alivaa koti lake la Idi, akaketi mezani awe mtahini, maana mkamwana wake Tunu alishafeli mtihani wa Kiingereza mara mbili. Akifeli ya tatu viza hapati, na mumewe huko ugenini ataendelea kula peke yake. Na Kiingereza kilimtoka Tunu kama maji, ila alikuwa anakiongea na sakafu!

"Nitazame, mwanangu!"

"Siwezi, baba. Wewe mkwe."

"Leo mimi si mkwe, mimi mzungu! Yule mtahini atakusikiaje umeinama hivyo? Lo, mtoto gani huyu!"

"Basi usifoke, baba."

"Nani anafoka? Hebu anza tena!"

Tunu akavuta pumzi, akaanza. Mzee hakuelewa hata neno, mpaka alipolisikia jina la mwanawe. Hapo Tunu akainua uso, akamtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe miaka sita iliyopita. Mzee akakohoa. Akainamisha kichwa, akawa anahesabu maua ya kitambaa cha meza, na Tunu anaendelea tu kusema.