Msiba wa Kamba

Alikuwa amelala chali juu ya mchanga, miguu yote juu, na fundi cherehani hakuhitaji daktari wa kumwambia kwamba hapo hakuna mtu tena.

Kamba wa wifi yake. Mwekundu, mstari mweupe mgongoni, sharubu ndefu nyeupe. Katika tangi lile la maji ya chumvi, pamoja na matumbawe yake na samaki saba, huyu ndiye aliyekuwa mtoto wa nyumba: wifi akizamisha mkono tu, anakuja kumchokonoa kucha.

Wifi alikuwa safarini siku nne na angerudi jioni hiyo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akimtania huyu mke wa kaka yake kwamba mikononi mwake hata ua la plastiki hunyauka. Safari hii, kwa mara ya kwanza, alimwachia ufunguo. "Nakuamini," alisema, kisha akacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma mwenzake.

Naye hakuruka hata mstari mmoja wa maelekezo. Alifuta ukungu wa kijani kwenye kioo. Alipima chumvi, akarudia kupima. Alibadilisha ndoo mbili za maji, polepole, kila kikombe na sala yake.

Alimwopoa marehemu kwa kijiko. Alikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Maskini, aliwaza, amekonda kwa kumkosa mwenyewe.

Akamzika kwenye chungu cha maua dirishani, akapiga magoti, akamwomba Bwana amrudishe, maana kwake hakuna gumu. Kisha, bila kusubiri jibu, akachukua mkoba na kwenda mbio duka la samaki.

Muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa ananuka?"

"Hata kidogo."

Muuzaji akajikuna kidevu, akameza tabasamu, akamfungia kamba mwingine kwenye mfuko wa maji.

Jioni wifi aliingia, hata viatu hakuvua, akainama mbele ya kioo. Kamba mpya alikuwa amesimama juu ya jiwe, akipunga sharubu kama mwenye nyumba. Fundi akashusha pumzi.

"Wifi, leo umenishinda," msafiri alisema. "Wote wazima."

Akazamisha mkono. Kamba mpya akarudi nyuma. Kutoka kwenye pango la chini akachomoka mwingine, aking'aa kama nguo iliyotoka cherehanini sasa hivi, akaja moja kwa moja kuzichokonoa kucha.

Wifi akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili. Akamtazama mke wa kaka yake kwa muda. Kisha akafungua droo, akatoa kopo. Ndani yalipangwa maganda matupu kumi na moja, mekundu, kila moja na miguu yake na sharubu zake.

"Hujivua kila mwezi. La mwezi huu umeliweka wapi?"

Fundi cherehani alikitazama kile chungu dirishani, na msalaba wa njiti za kiberiti aliouchomeka juu yake.