Jeli Yenye Akili

Sindano ilikuwa ikitembea peke yake juu ya kioo. Ilienda, ikarudi, ikilaza uzi mwembamba wa jeli juu ya uzi mwingine, tabaka juu ya tabaka, kama kiondo kinachojisuka chenyewe. Daktari Musyoka aliitazama mashine yake kama mtu anayetazama ng'ombe wake wa mahari wakinywa maji.

Na mahari ilikuwa humo. Mzee Nzuki wa Kanyangi, mwenye kauli juu ya binti wa marehemu kaka yake, alikuwa amemwambia wazi: "Vyeti vya Ulaya sijui kuvisoma. Ponya kidonda nikione kwa macho yangu, ndipo nitakupa Ndinda."

Siku hiyo ya posa Musyoka hakumwona mama Ndinda. Kwa Wakamba mkwe na mama mkwe hupishana njia, wala hawatazamani, na mama alijifungia jikoni kabla pikipiki ya mgeni haijazimwa.

"Mwaka elfu mbili unabisha hodi," Musyoka alicheka, "na watu bado wanakimbiana kama kuku na mwewe!" Kisha, huku akinywa chai ya wenyewe, akaeleza kwa sauti ya kufika hata jikoni jinsi akina mama wa vijijini wanavyoozesha vidonda kwa ujinga wao.

Mzee Nzuki alinusa ugoro wake, akautazama mlango wa jikoni.

Kidonda hakikukawia. Tima, muuza vitenge wa mjini Kitui, alileta kwenye kliniki ya Musyoka mama mmoja aliyejitanda buibui na nikabu, yakabaki macho tu. Chungu cha isyo kilikuwa kimempindukia, kikambabua paja.

"Jirani yangu huyu, Mama Mishi," alisema Tima. "Hasemi na wanaume."

"Kumbe hata nyinyi mnapika isyo?"

"Kitui hii nani asiyekula mahindi na maharagwe, daktari? Tazama kidonda, chungu kiache."

Nesi Kalunde alinyoosha mkono. "Huyu ni mama wa watu, daktari. Niachie nimfunge mimi."

"Hii si pamba na plasta, Kalunde! Hii ni jeli yenye akili. Inahisi joto la mwili, inanusa usaha, na ikiona hatari inageuka kijani. Mkono wa kuiweka ni huu hapa."

Akaiweka mwenyewe. Akaibandika, akailainisha kingo kwa vidole, mama wa watu ameugeuzia ukuta uso.

Tangu hapo, kila siku ya soko, Tima alimleta. Safari moja jeli iligeuka kijani. Musyoka akasafisha, akafuma nyingine. Jeli ile, tuseme haki, ilikuwa na akili kweli. Mwenyewe naye alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukupumzika.

"Nikishamwoa Ndinda, yule mama yake asithubutu kuja kwangu na vibuyu vyake vya dawa," alisema siku moja, kidole juu ya paja. "Nitamjengea choo cha kisasa huko kwake, aonje ustaarabu."

Tima alikohoa. Macho ndani ya nikabu yalimtazama Musyoka, yakatua kwake kidogo, kisha yakarudi ukutani.

Jeli ilipomaliza kazi, Musyoka alimwita Mzee Nzuki pamoja na wazee wawili wa kanisa. Tima alishika leso, akaacha tundu la ukubwa wa sahani, na hapo palionekana ngozi changa, laini, kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mzee Nzuki aliinama, akatazama, akainuka.

"Nimeona," alisema. "Hapa sina neno. Mbele ya wazee hawa, Ndinda ni wako."

Musyoka alivimba kama unga uliotiwa hamira. Ushindi wa kimya haukumtosha. "Basi naye aseme leo!" alipaza sauti. "Mama, waambie wazee hawa ni nani aliyekuponya, na kwa mikono ya nani!"

"Ni wewe," mama alijibu, kwa Kikamba safi cha Kanyangi. "Kila siku ya soko, kwa mikono hiyo hiyo." Akavua nikabu.

Fimbo ilimponyoka Mzee Nzuki. "Mama Ndinda!"

"Ndiye mimi, shemeji. Mkwe haonyeshwi paja. Lakini mwana huonyeshwa." Akamgeukia Musyoka, akamwekea kiganja kichwani kwa upole kama anayebariki.

"Asante, mwanangu. Ndinda atafurahi kupata kaka."